Ukuta Uliokunywa Maji ya Baba Mkwe

Mkojo ulimzibia baba mkwe tukiwa Makambako, siku tuliyokwenda kumsindikiza mume wangu. Wakati ule wa Mwingereza vijana wengi wa Njombe walikuwa wakienda mkongeni Tanga, na malori ya kuwachukua yaliondokea Makambako. Mume wangu alipanda, akakalia mzigo wake, akaniambia, "Nitunzie baba," kisha akageukia pembeni nisimwone machozi. Lori likaondoka na vumbi lake. Baba mkwe alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara, kwa sababu mimi na yeye hatukuruhusiwa kusimama pamoja. Nilimwona akienda nyuma ya kichaka, akirudi, akienda tena, akirudi. Nikadhani ni huzuni. Wanaume wa kwetu hawalii mbele za watu.

Haikuwa huzuni. Tulipofika Njombe hakuweza kunyooka, na kesho yake wanaume wa jirani walimbeba hospitali, tumbo limekuwa gumu na jasho linamtoka kwenye baridi. Huko walimwingiza mpira wa mkojo, mkojo ukatoka mwingi hata yeye mwenyewe akacheka kwa nafuu. Daktari akasema kuna nyama imekua ndani na kuziba njia, kwamba upasuaji wake haufanyiki hapo, na kifua cha mzee hakitauhimili hata akipelekwa mbali. Ataishi na mpira. Utabadilishwa kila baada ya muda, na uliobaki ni utunzaji wa nyumbani.

Utunzaji wa nyumbani. Hadi leo nikisikia maneno hayo mgongo unaniuma.

Nesi alinipa masharti mimi, kwa sababu nilikuwa nimesoma kidogo misheni na Kiswahili nilikijua. Mama mkwe alijua Kibena tu, na macho yake yalikuwa na mtoto wa jicho, anaona kivuli cha mtu bila sura. Nesi mwenyewe alikuwa mwanamke mchovu, alisema huku akikunja bandeji. Mikono inawe kwa sabuni kabla ya kugusa mpira, na inawe tena baada. Mgonjwa aoshwe kila siku pale mpira unapoingilia, kwa sabuni na maji safi. Chupa inayopokea mkojo ikae chini kuliko tumbo lake, mchana na usiku. Mpira usikunjike wala kuvutwa. Na maji, anywe maji mengi, mkojo uwe mweupe. "Ukiona umekuwa mzito, umechafuka, unanuka vibaya, au akianza kutetemeka, mlete. Usingoje," akasema. Nikaitikia ndiyo kwa kila neno. Sikumwambia kwamba mtu huyo siruhusiwi hata kumtazama.

Kwa Wabena wa nyumba ile, mkamwana na baba mkwe hawakutani. Nikimwona njiani naacha njia na kumpa mgongo mpaka apite. Sili mbele yake, simpi kitu mkononi, siingii anapolala, simsemeshi. Mtoto wa kwanza akizaliwa, babu hutoa zawadi na mwiko hulegea. Mimi sikuwa nimezaa bado, na wa kunizalisha alikuwa Tanga akikata mkonge. Likitokea jambo la lazima, baba mkwe alimtuma mbwa. "Wewe mbwa," alisema kwa sauti, "mwambie anayepika kwamba mbuzi ameingia kwenye maharage." Mbwa alinitazama tu, nami nikakimbia kumtoa mbuzi. Tuliishi hivyo, na tulielewana kuliko nyumba nyingi ambazo watu huongea mchana kutwa.

Basi mpira ukatugawanya mimi na mama mkwe. Yeye aliruhusiwa kutazama lakini hakuona, mimi niliona lakini sikuruhusiwa kutazama. Chumba cha mzee kilizibwa kwa pazia la gunia. Asubuhi nilikaa upande wa huku, maji ya moto miguuni, nikiongoza kazi kwa mdomo.

"Mama, umenawa?"

"Nimenawa."

"Kwa sabuni?"

Hapo nasikia mche wa sabuni ukigonga beseni, na mama mkwe akinong'ona kwa Kibena kwamba mkwe huyu kaletwa na serikali.

Akimaliza kumwosha alinipitishia chupa chini ya pazia. Niliichukua nje, nikaitazama kwenye mwanga, nikaimwaga chooni, nikaisuuza kwa maji yaliyochemshwa, nikairudisha chini ya pazia. Ndivyo nilivyomjua baba mkwe. Sikujua macho yake yakoje, lakini nilijua rangi ya mkojo wake kila siku. Ukiwa mweupe nilifurahi, na furaha hiyo ilinishangaza, maana hakuna aliyeniambia wakati naolewa kwamba nitakuja kufurahia kitu kama hicho.

Maji yote hayo yalitoka bondeni. Nilishuka alfajiri na kupanda na debe kichwani, kisha natafuta kuni za kuyachemshia, kisha nafua vitambaa na mashuka, kisha nakwenda shamba kwa sababu viazi havijui kwamba kuna mgonjwa. Nilichoka. Si uchovu wa kulala ukaamka nao umekwisha. Niliamka nao, nikauvaa pamoja na kanga.

Mzee alikuwa na swali moja tu. Kila jioni nilimsikia akimuuliza mkewe, "Atanikuta?" Watoto wao wengine walikufa wadogo, huyu wa mkongeni ndiye pekee aliyebaki. Alikataza mwanawe asipelekewe habari, akijua atatoroka kazi na kukamatwa. Alitaka tu akutwe hai. Nami nilitaka akutwe, maana niliambiwa nimtunze, na sikuwa na jibu lingine la kumpa mume wangu siku atakayoshuka kwenye lori.

Mwezi wa sita ukaingia. Anayeijua Njombe anaijua baridi ya mwezi huo, umande unaganda juu ya nyasi na moshi wa jikoni unasita kupanda. Mama mkwe alipapasa chupa pale chini sakafuni akaikuta baridi kama jiwe la mtoni. Akawaza, akaona kwamba baridi hiyo inapanda kwenye mpira na kumwingia mumewe tumboni. Basi usiku akaiokota chupa, akaifunga kwa kanga yake ya zamani, akaiweka kitandani ndani ya blanketi, ubavuni pa mzee, ipate joto pamoja naye. Hakuniambia, kwa sababu kwake halikuwa jambo la kuambiwa mtu. Ni kama kumfunika mtoto. Asubuhi alinipa chupa yenye joto, nami nikadhani mzee ametoka kukojoa sasa hivi. Mimi wa upande wa pili wa pazia ningejuaje?

Mzee akaanza kutetemeka. Lakini mwezi wa sita Njombe nzima inatetemeka, mpaka mwinjilisti anasoma neno huku meno yanagongana. Tukamwongezea blanketi. Siku iliyofuata nikamsikia akigombana na utingo wa lori la Makambako, akimwambia amshushe ana haja. Hapakuwa na lori wala utingo. Chupa ilipopita chini ya pazia, mkojo ulikuwa mzito kama maji ya kuoshea mchele, na harufu yake ilinifikia kabla sijainama.

Nikapiga kelele watu wakaja na machela.

Hospitali nesi yule yule alifunua blanketi. Chupa ilikuwa kwapani mwa mzee, imefungwa kanga vizuri. Mama mkwe aliitunza hata safarini.

"Nani ameweka chupa huku?" nesi akauliza kwa ukali.

Mama mkwe akaona anatajwa, akanigusa mkono. "Anasemaje?"

"Anauliza nani aliyeipasha chupa joto."

"Mwambie ni mimi," akajibu, na uso wake ulikuwa na fahari hata nikashindwa kumwangalia.

Nesi alisema mengi. Alisema mkojo ukishatoka umetoka, ukiinua chupa unarudi ndani na uchafu wake wote, kwamba tumemwingizia mzee ugonjwa kwa mikono yetu, na kwamba uchafu huo ukifika kwenye figo mara nyingine hawatakuwa na la kufanya. Mama mkwe alisimama akingoja nimfasirie. Nikamwambia, "Amesema umefanya vizuri kumpenda, lakini chupa haisikii baridi. Yeye ndiye umpashe joto. Chupa ikae chini daima, hata kama inaganda." Akafikiri, akaitikia kwa kichwa. "Basi nitamfunga miguu," akasema. Walimbadilishia mpira, wakampiga sindano, wakampa vidonge vikubwa vyeupe, na akili ikamrudi. Nilikaa nje kwenye benchi nikasinzia nimeshika mabakuli.

Tuliporudi nyumbani chupa ikawekwa ndani ya beseni, beseni likawekwa sakafuni, na miguu ya mzee ikafungwa ile kanga. Nikadhani tumemaliza kosa letu.

Wakati huo watu wa kanisa walizoea kuja kumwombea baada ya ibada. Wema wao ulinitesa. Njia ya chooni ilipita katikati ya ua, na kila nilipotoka na chupa walikuwa hapo wamekaa kwenye jamvi. Siku moja nikakutana nao uso kwa uso, chupa ndani ya kanga, shingo yake imechungulia nje. "Kamwene," wakanisalimu. "Kamwene," nikaitikia, na mama mmoja mwenye sauti kubwa akasema, "Pole mwanetu, kumbebea baba mkwe chupa si mchezo!" Wakacheka kwa huruma, jinsi watu wanavyocheka. Dirisha la mzee lilikuwa wazi.

Baada ya siku hiyo chupa ikaanza kupungua. Mkojo ukawa kidogo, wa rangi ya chai iliyokaa sana jikoni. Nikamuuliza mama mkwe kama mzee anakunywa maji. "Anakunywa," akasema. "Kikombe nakichukua kitupu." Nikazidisha maji. Vikombe vilirudi vitupu vyote, na chupa ilizidi kuwa kavu. Nilishindwa kuelewa. Nilijilaza nikiwaza figo zile alizozisema nesi, na machela, na lori la kutoka Tanga likiwasili Makambako huku sisi tunatoka makaburini.

Ukuta ndio ulionijulisha. Ilikuwa kiangazi, mvua hatukuikumbuka, nami nilikuwa nikikandika nyuma ya nyumba pale udongo ulipopasuka. Nikafika usawa wa kitanda cha mzee nikakuta ukuta umelowa, udongo unamomonyoka kwa chini. Nikadhani chupa inavuja. Nikachukua udongo nikaunusa. Haukunuka kitu. Nikaugusa kwa ulimi, na sioni haya kusema hivyo. Yalikuwa maji. Maji yangu, yale niliyoyateka, nikayachemsha, nikayapoza. Mzee alikuwa akiyamwaga kwenye ufa kati ya kitanda na ukuta, na kumrudishia mkewe asiyeona kikombe kitupu.

Nikaelewa papo hapo. Kila kikombe alichokunywa kilitoka nje mikononi mwangu mbele ya watu. Akaona bora asinywe. Angalau yangekuwa ulanzi, ile pombe ya mianzi, nilijisemea nikicheka, tusingehitaji kumsihi, angenyonya mpaka mwanzi wenyewe. Halafu kicheko kikakatika, hasira ikanipanda kutoka miguuni. Sijawahi kuwa na hasira kama ile, wala kabla wala baadaye. Kumsemesha siruhusiwi. Mbwa alikuwa amelala mbali kwenye jua. Basi nikamgeukia niliyekuwa naye.

"Wewe ukuta!" nikasema kwa sauti. Huko ndani kitanda kikalia. "Wewe ukuta, mwambie anayekunywesha kwamba maji haya nayateka bondeni kwa kichwa hiki. Mwambie nashuka na baridi, napanda na baridi, nakata kuni, nayachemsha, nayapoza, kisha anakupa wewe. Wewe una kiu? Wewe unamngoja mtoto kutoka Tanga?"

Nikaupiga kofi.

"Mwambie kama ni aibu, chupa kavu nayo naibeba, ni chupa ile ile na watu ni wale wale. Mwambie nimechoka. Mwambie chupa iliyojaa kwangu ni nyepesi kuliko machela. Na mume wangu akifika akaniuliza baba yuko wapi, nimwambie nini, kwamba baba alimpa ukuta maji akafa yeye?"

Nililia hapo, mikono yote udongo. Nililia kwa uchovu zaidi kuliko kwa huruma. Kisha nikaenda nikanawa mikono kwa sabuni, mpaka kwenye viwiko, nikajaza kikombe cha bati, nikazunguka nyumba, nikaingia ndani, nikaliinua pazia la gunia.

Mama mkwe aliona kivuli changu akasimama. "Wewe! Hujafunguliwa mwiko!"

"Nitafunguliwa siku nyingine," nikasema.

Mzee alikuwa amejifunika blanketi gubigubi, kichwa na vyote, kama maiti. Nikaweka kikombe juu ya kigoda karibu naye, nikampa mgongo. Nilisikia kuku nje, nilisikia mama mkwe akipumua. Baadaye nikasikia blanketi likisogea, na koo la mzee likimeza, taratibu, mara nyingi. Kisha akakigonga kikombe kitupu kwa ukucha, ko ko.

"Wewe kikombe," akasema kwa sauti iliyokauka, "mwambie aliyekuleta kwamba nimemaliza."

"Mwambie kinakuja kingine," nikajibu.

Tangu hapo ndivyo tulivyofanya. Asubuhi mama mkwe alipiga kikohozi, mzee akajifunika uso, nami nikaingia. Mama mkwe alimwosha pale ambapo mimi sikustahili kuona, nami nikiwa nimesimama kando nikauangalia mpira kama umekunjika, chupa kama iko chini, ngozi ya paja kama imechubuka pale tulipoushikiza kwa kitambaa. Maji alikunywa nikiwa nimempa mgongo, na sikutoka mpaka nisikie ko ko. Watu wa kanisa niliwahamishia jamvi upande wa mbele wa nyumba. Nao wakaelewa, au hawakuelewa, sikujali. Mkojo ukarudi kuwa mweupe.

Haikuwa mwisho wa homa. Mpira ni mpira, hata ukiutunza ugonjwa hupata upenyo, na mara kwa mara tulirudi kwenye lile benchi. Lakini tulirudi mapema, mzee akiwa bado anajua jina lake, na nesi akafikia kunipa kigoda changu cha kukalia. Kazi haikupungua. Debe lilikuwa na uzito ule ule. Majirani walisifu moyo wangu, nami nilitamani wasifu kidogo na kuteka maji kidogo.

Mume wangu alirudi bila taarifa. Aliteremka Makambako, akapata lori la miti ya miwati mpaka Njombe, akaja kwa miguu hadi kwetu Mjimwema akiwa na vumbi la safari nzima. Habari za baba yake alikuwa amezipata palepale Makambako kwa mtu wa kwetu, na alipoingia uani hakunisalimu, alipita kama upepo mpaka ndani. Nilimfuata na kikombe. Ilikuwa saa ya maji.

Baba yake alikuwa amejifunika uso, akisubiri niingie.

"Baba! Ni mimi, nimerudi."

Blanketi likatikisika. Mkono ukatoka, ukamshika mwanawe kichwani, ukampapasa masikio, ukakaa hapo. "Umenikuta," mzee akasema ndani ya blanketi, na hakuweza kuendelea. Mume wangu akalia, safari hii bila kutazama pembeni. Kisha, kama mtu anayetaka kulipa yote kwa siku moja, akainama akanyoosha mkono kuiokota ile chupa, mikono ina vumbi la Tanga hadi Njombe.

"Usiguse!" mzee akapaza sauti. "Hujanawa."

Mume wangu akaganda ameinama. Mzee akashika pindo la blanketi kwa mikono miwili, akalishusha. Zikatokea nywele nyeupe, kipaji cha uso, kisha macho. Yalikuwa ya kahawia, mepesi, yenye maji. Hayakumtazama mwanawe. Yalinitazama mimi, na kwa mara ya kwanza hapakuwa na mbwa wala ukuta wala kikombe kati yetu.

"Mwanangu," akaniambia, "mfundishe huyu."

Ningeweza kulala palepale sakafuni nikalala mpaka mvua za masika. Badala yake nikaweka kikombe juu ya kigoda, nikachukua beseni na mche wa sabuni, nikamwambia mume wangu alete mikono.